Maswali ya Wasomaji: Seva ya Git Inapogoma

Barua za toleo hili karibu zote zina chanzo kimoja. Ofisi imepata kompyuta iliyokuwa imekaa bure, ikawekewa Linux na Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, ili timu nzima itunzie msimbo mahali pamoja, na baada ya siku chache mmoja anapushi (anapeleka kazi yake kwenye seva) vizuri huku jirani yake anakataliwa. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Pasipotajwa vingine, seva ni Ubuntu au Debian, repo (maghala ya msimbo na historia yake) zinakaa /srv/git, na watu wanaingia kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao. Penye neno "mradi" weka jina la repo yako, na penye "git@seva" weka akaunti na anwani ya seva yako.

Kabla ya yote, ujumbe anaouona anayepushi mara nyingi haujitoshelezi, kwa sababu seva haipendi kumweleza mgeni kwa nini imemkataa. Maelezo yenyewe yako kwenye kumbukumbu za seva. Fungua terminali ya seva, endesha `sudo journalctl -u ssh -f`, kisha mwambie mwenzako ajaribu tena huku unaangalia.

SWALI: Niliingia kwenye seva, nikafungua folda ya mradi, nikaandika git init na kuweka faili zote humo. Wenzangu wanakloni (wanapakua nakala) bila shida, lakini wakipushi wanaletewa "refusing to update checked out branch: refs/heads/master". Kuna aliyenishauri niweke receive.denyCurrentBranch kuwa ignore. Niweke?
*Mwanafunzi wa TEHAMA, Dodoma*

JIBU: Usiweke. Repo uliyotengeneza ina vitu viwili: historia, iliyo ndani ya folda ya .git, na faili zenyewe za kufanyia kazi. Mtu anapopushi, Git husogeza historia mbele lakini zile faili haizigusi. Ukiweka ignore push itapita, ila atakayeandika git status kwenye seva ataona kana kwamba kuna mtu amefuta kazi yote iliyopushiwa. Akifanya komiti hapo hapo, yaani akiihifadhi hali hiyo kwenye historia, basi amefuta kweli. Ndiyo maana Git hukataa tangu toleo 1.7.0 la mwaka 2010.

Repo ya kushirikiana haitakiwi kuwa na faili za kufanyia kazi hata moja. Kwa kuwa tayari unayo historia, igeuze hivi:

    git clone --bare ~/mradi /srv/git/mradi.git
    cd /srv/git/mradi.git && git remote remove origin

Kisha kila mwenzako abadilishe anwani kwenye kompyuta yake kwa `git remote set-url origin git@seva:/srv/git/mradi.git`. Mradi mpya unaanza na `git init --bare --shared=group /srv/git/mradi.git`. Jua tu kwamba --shared huwasha pia receive.denyNonFastForwards, yaani hakuna atakayeweza kupushi kwa nguvu na kuandika upya historia. Kwa timu changa hiyo ni neema. Msiizime kwa sababu mmoja wenu amekasirika.

SWALI: Tuko sita, kila mmoja ana akaunti yake kwenye seva. Asubuhi mambo yanakwenda, mchana mmoja wetu anaanza kupata "insufficient permission for adding an object to repository database ./objects". Akijaribu tena baada ya kubadilisha kitu kidogo, wakati mwingine inapita! Tunaendesha chmod -R 777 kila siku. Dawa ya kudumu ni ipi?
*Timu ya programu, Mombasa*

JIBU: Hiyo "wakati mwingine inapita" ndiyo inayotuonyesha ugonjwa. Ingia kwenye folda ya objects ndani ya repo uandike `ls -l`. Utaona folda ndogo zenye majina ya herufi mbili: 00, 3f, a7 na kadhalika, hadi 256 zikijaa. Kila kitu ambacho Git inahifadhi hupewa namba ndefu ya utambulisho, na herufi mbili za mwanzo za namba hiyo ndizo zinazoamua kitakaa folda gani. Folda ikiwa bado haipo, hutengenezwa na yule anayepushi wakati huo. Sasa angalia safu ya mmiliki na ya kundi. Kama 3f ilitengenezwa na akaunti ya mwenzako, chini ya kundi lake binafsi na bila ruhusa ya kundi kuandika, wewe ukileta kitu kinachoanzia 3f utakataliwa. Kikianzia a7, ambayo uliitengeneza mwenyewe, utapita. Ukibadilisha hata nukta moja kwenye faili, namba inabadilika, na bahati yako nayo.

777 inatibu folda zilizopo leo. Zitakazozaliwa kesho zitazaliwa na ugonjwa ule ule. Tena 777 inamfungulia mtu yeyote mwenye akaunti kwenye seva folda ya hooks, ambako anaweza kuandika skripti itakayoendeshwa kwa jina la kila anayepushi. Acheni.

Fanyeni hivi, wakati hakuna mtu anayepushi:

    sudo groupadd wasanidi
    sudo usermod -aG wasanidi jina-la-mtumiaji
    cd /srv/git/mradi.git
    sudo git config -f config core.sharedRepository group
    sudo chgrp -R wasanidi .
    sudo chmod -R g+rX,o-w .
    sudo find . -type d -exec chmod 2775 {} +

Ile 2 ya mwanzo kwenye 2775 ndiyo dawa yenyewe: kila folda mpya itarithi kundi la folda mama badala ya kundi la aliyeitengeneza. core.sharedRepository nayo inaiambia Git iache kundi liandike, hata kama mpangilio wa akaunti ya mtu unasema vingine. Kama hamtaki wenye akaunti nyingine kwenye seva wasome msimbo, wekeni 2770. Msishangae kuona faili zilizo ndani ya objects hazina ruhusa ya kuandikwa na yeyote. Zimewekwa hivyo makusudi kwa sababu hazibadilishwi zikishaandikwa. Ruhusa inayohitajika ni ya folda.

Watu hujikwaa hapa kwa njia tatu. Kwanza, kwenye usermod usisahau herufi a: ukiandika -G peke yake, mtumiaji anaondolewa kwenye makundi mengine yote, na kama ni wewe mwenyewe umejitoa kwenye sudo. Pili, kundi jipya halianzi kufanya kazi mpaka mtu atoke na kuingia upya. Aandike `id` ahakikishe wasanidi imo. Kama SSH yake imewekwa kutunza muunganisho mmoja kwa muda mrefu, aufunge huo kwanza. Tatu, kama /srv/git iko kwenye diski ya nje yenye mfumo wa faili wa exFAT, hakuna chmod itakayoshika, maana exFAT haina ruhusa za namna hiyo kabisa. Hamisheni repo kwenye ext4.

Mkimaliza huenda mkakutana na mwingine: "detected dubious ownership in repository". Tangu toleo 2.35.2 la Aprili 2022, baada ya tundu la usalama CVE-2022-24765, Git hukagua kama anayeitumia repo ndiye mmiliki wake, na ukaguzi huo haujali kundi. Ujumbe wenyewe unapendekeza amri yenye --global, ambayo inamtibu mtu mmoja tu. Kwenye seva ya pamoja andikeni:

    sudo git config --system --add safe.directory /srv/git/mradi.git

Kuiweka ndani ya config ya repo yenyewe ni kazi bure. Git haiisomi kutoka huko, la sivyo mwizi angejiandikia hati ya kuaminika.

Kama mnauliza maoni yetu, akaunti sita za nini? Tengenezeni akaunti moja inayoitwa git, muweke funguo za SSH za hadhara za wote sita kwenye authorized_keys yake, ile faili ya funguo zinazoruhusiwa kuingia, na repo zote ziwe mali yake. Shida ya ruhusa na ya umiliki zitaondoka pamoja. Jina la mwandishi linabaki kwenye kila komiti kama kawaida. Mtakachokosa ni kujua kwa uhakika nani amepushi, na uwezo wa kumzuia mtu asiguse repo fulani. Mkihitaji hayo wekeni Gitolite, au Forgejo ikiwa mnataka na kurasa za kuangalia msimbo kwenye kivinjari.

SWALI: Nimefuata ushauri wa akaunti moja ya git. Ufunguo nimeuweka, lakini bado napata "Permission denied (publickey)".
*Msimamizi wa mfumo, Kisumu*

JIBU: Angalia kumbukumbu za seva kama tulivyosema mwanzoni, halafu ulinganishe.

Ukiona "Authentication refused: bad ownership or modes for directory /home/git", SSH imekataa kuuamini ufunguo kwa sababu folda inaweza kuandikwa na wengine. Hili huwapata hasa waliowahi kupitisha 777 hadi kwenye /home.

    sudo chown -R git:git /home/git/.ssh
    sudo chmod 755 /home/git
    sudo chmod 700 /home/git/.ssh
    sudo chmod 600 /home/git/.ssh/authorized_keys

Ukiona mstari unaotaja ssh-rsa na PubkeyAcceptedAlgorithms, programu ya mteja ni ya zamani. OpenSSH 8.8, iliyotoka 2021, iliacha kukubali saini za RSA zinazotumia SHA-1. Kuna wanaoirudisha kwenye sshd_config, nasi hatuwashauri. Mwenye programu hiyo aisasishe na atengeneze ufunguo mpya kwa `ssh-keygen -t ed25519`.

Ukiona "not allowed because not listed in AllowUsers", basi wewe au aliyekutangulia mliweka orodha ya wanaoruhusiwa na git haimo.

Usipoona mstari wowote, mteja hafiki kwenye seva hii. Huenda rauta imeipa seva anwani nyingine tangu jana. Ingia kwenye rauta, uifungie seva anwani moja kwa kutumia namba ya kadi yake ya mtandao.

Kama kumbukumbu hazisemi cha maana zaidi ya kukataa, ukague ufunguo wenyewe. Funguo nyingi hupita WhatsApp kabla ya kufika kwenye seva, na huko hukatwa mistari miwili au hupoteza herufi ya mwisho. Endesha `sudo ssh-keygen -lf /home/git/.ssh/authorized_keys`. Kila ufunguo mzima utatoa mstari mmoja wenye alama yake. Mwenye ufunguo naye aendeshe `ssh-keygen -lf ~/.ssh/id_ed25519.pub` kwake, mlinganishe. Ikitokea mtu amekutumia kitu kinachoanza na BEGIN OPENSSH PRIVATE KEY, amekupa ufunguo wa siri. Mwambie autupe na atengeneze mwingine, hata kama mnaaminiana.

Na anayeandika `sudo git clone` anatumia funguo za root, akaunti kuu ya mfumo, si zake. Atoe sudo.

SWALI: Nimepushi kila kitu, seva imepokea, lakini mwenzangu akikloni anapata folda tupu na onyo "remote HEAD refers to nonexistent ref, unable to checkout". Data imepotea?
*Msomaji, Kigali*

JIBU: Haijapotea. Seva ilipotengeneza repo iliandika kwamba tawi kuu, yaani mkondo mkuu wa kazi, ni master, wewe ukapushi main. Anayekloni anaelekezwa kwenye tawi ambalo halipo. Kwenye seva:

    cd /srv/git/mradi.git
    git symbolic-ref HEAD refs/heads/main

Na ili isijirudie kwa repo zijazo: `sudo git config --system init.defaultBranch main`, inayofanya kazi kuanzia Git 2.28. Mwenzako aliyekwisha kukloni haina haja aanze upya, aandike tu `git checkout main`.

SWALI: Tunataka tovuti ya shule ijisasishe kila tukipushi. Skripti yetu ya post-receive (inayoendeshwa seva ikishapokea push) ina mistari miwili, cd /var/www/tovuti na git pull. Kwa mkono inafanya kazi, ikiendeshwa na push inasema "fatal: not a git repository: '.'".
*Mwalimu wa kompyuta, Zanzibar*

JIBU: Git inapoendesha skripti hiyo huwa imeshaweka GIT_DIR, kigezo kinachotaja repo ilipo, ikielekeza kwenye repo iliyopokea push, kwa kutumia nukta, yaani "hapa nilipo". Ukifanya cd, nukta inaanza kumaanisha /var/www/tovuti, na huko Git haikuti inachokitafuta. Kuandika `unset GIT_DIR` kabla ya git pull kunatibu, lakini sisi tunaona git pull yenyewe haina haja. Inaleta repo ya pili, na siku mtu akihariri faili moja kwa moja kwenye tovuti itagoma kwa mgongano. Hii inatosha:

    #!/bin/sh
    git --work-tree=/var/www/tovuti checkout -f main

Picha na faili ambazo watumiaji wamepakia kwenye tovuti, ambazo hazimo kwenye Git, hazitaguswa. Folda ya /var/www/tovuti iwe inaandikika na akaunti ya git. Skripti ipewe `chmod +x`, bila hivyo Git inairuka. Na kama uliiandika kwenye Windows, unaweza kuambiwa faili haipo ilhali unaiona kwa macho: mwisho wa mstari wa kwanza una herufi ya ziada isiyoonekana, hivyo mfumo unatafuta programu ambayo haipo. Iondoe kwa `sed -i 's/\r$//' hooks/post-receive`.

SWALI: Seva iko ofisini nyuma ya rauta ya 4G. Tukiwa ndani tunaifikia. Nimefungua port 22 kwenye rauta, lakini anayefanya kazi kutoka nyumbani hafiki. Kampuni ya simu inasema laini iko sawa.
*Fundi mitandao, Arusha*

JIBU: Laini inaweza kuwa sawa na bado asifike. Fungua ukurasa wa rauta, tafuta anwani ya upande wa nje. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10, anwani hiyo si yako peke yako. Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na port unayoifungua kwako inaishia kwenye rauta yako. Ile ya kampuni iliyo mbele yake huna mamlaka nayo. Unaweza kununua anwani ya kudumu ikiwa inauzwa. La sivyo, seva ndiyo itoke nje yenyewe, ikutane na watu kwenye mashine ndogo ya kukodi yenye anwani ya umma. Ndogo kabisa inatosha, kwa sababu msimbo hautunzwi huko, unapita tu.

Kwenye mashine ya kukodi tengeneza akaunti, tuiite daraja. Kwenye seva ya ofisini:

    ssh -N -o ServerAliveInterval=30 -o ExitOnForwardFailure=yes -R 2222:localhost:22 daraja@anwani-ya-kukodi

Ikishafanya kazi kwa mkono iweke kwenye systemd, msimamizi wa huduma za Linux, yenye Restart=always na RestartSec=10, ili ijifufue umeme ukirudi. Akaunti inayoiendesha iwe na ufunguo usio na nywila, na iwe imeshawahi kuingia daraja mara moja kwa mkono, vinginevyo itakwama kwenye swali la "yes/no" ambalo hakuna wa kulijibu.

Anayefanya kazi nyumbani aandike kwenye ~/.ssh/config:

    Host gitofisi
      HostName localhost
      Port 2222
      User git
      HostKeyAlias gitofisi
      ProxyJump daraja@anwani-ya-kukodi

Baada ya hapo anakloni kwa `git clone gitofisi:/srv/git/mradi.git`. Ufunguo wake wa hadhara uwe kwenye daraja na kwenye seva, kote kuwili. HostKeyAlias inazuia SSH isiichanganye seva na "localhost" nyingine aliyowahi kuunganisha. Faida ya mpango huu ni kwamba port 2222 haionekani kutoka nje: inasikiliza ndani ya mashine ya kukodi tu, hivyo wale wanaozunguka intaneti wakibisha hodi kila mlango hawaikuti.

Kuna kero moja mtaiona wiki ya kwanza. Umeme unakatika ofisini, unarudi, lakini daraja linakataa likisema "remote port forwarding failed for listen port 2222". Mashine ya kukodi haijui kwamba ule muunganisho wa mwanzo umekufa, bado inaushikia nafasi. Kwenye sshd_config ya mashine ya kukodi wekeni ClientAliveInterval 30 na ClientAliveCountMax 3, muanzishe upya huduma ya ssh. Ndani ya dakika moja na nusu hivi nafasi itaachiliwa na systemd itaunganisha.

SWALI: Repo yetu ina karibu GB 2. Kukloni kunafika asilimia sitini, mtandao unakatika, tunaanza sifuri. Bando linaisha. Tumeongeza http.postBuffer bila mafanikio.
*Msomaji, Bukavu*

JIBU: http.postBuffer inahusu data unayopeleka kwa HTTP. Wewe unapokea, kwa hiyo irudishe ilivyokuwa.

Hakikisha kwanza kwamba ni mtandao kweli. Kwenye seva yenye RAM ya GB 1, kufungasha repo ya ukubwa huo kunaweza kumaliza RAM hiyo, Linux ikaua mchakato, na wewe ukaona muunganisho umekatika. Angalia `sudo dmesg | grep -i "out of memory"`. Ukiikuta, weka ndani ya repo `git config pack.threads 1` na `git config pack.windowMemory 64m`, ongeza swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM), kisha endesha `git gc` usiku ili mchana seva iwe na vifurushi vilivyo tayari.

Kama ni mtandao, tatizo ni kwamba git clone haina pa kuendelezea ilipoishia. Faili ya kawaida inayo. Kwa hiyo igeuzeni repo iwe faili moja:

    git bundle create /tmp/mradi.bundle --all

Ipakueni kwa `rsync --partial --progress`, mkitumia akaunti ya kawaida ya seva. Ikikatika, rudieni amri ile ile na kilichokwisha kufika hakitapakuliwa upya. Au ibebeni kwa flashi, mkikumbuka kwamba flashi ya FAT32 haipokei faili inayofika GB 4. Kisha:

    git clone mradi.bundle mradi
    cd mradi
    git remote set-url origin git@seva:/srv/git/mradi.git
    git fetch

Fetch hiyo italeta tu yaliyoongezeka tangu bundle itengenezwe. Asiyehitaji historia achukue `git clone --depth 1`, na siku akipata mtandao mzuri aongeze kwa `git fetch --deepen=200`.

GB 2 lakini? Mara nyingi kuna mtu aliyeweka video au nakala ya hifadhidata ndani ya repo, akaifuta kwenye komiti iliyofuata. Imetoka machoni tu, kwenye historia bado ipo na kila anayekloni anaibeba.

SWALI: Umeme ulikatika ghafla. Sasa kila amri inasema "object file ... is empty" na "loose object ... is corrupt". Seva haina UPS.
*Msimamizi, Morogoro*

JIBU: Msipushi chochote, na kwanza nakilini repo nzima: `sudo cp -a mradi.git mradi-nakala.git`. Mnachofanya hapa chini mkifanye kwenye ile ya awali huku nakala ikiwa pembeni.

Faili zenye ukubwa wa sifuri ni zile Git ilizoandika lakini diski ikawa bado haijazipokea. Kwa kawaida walioumia ni wa push ndogo za mwisho. Push yenye vitu chini ya 100 hufunguliwa na kuandikwa faili moja moja, na hizo, kwa mpangilio wa kawaida, Git haisubiri zifike kwenye diski kwa hakika. Push kubwa hubaki kifurushi kimoja, ambacho husubiriwa.

    cd /srv/git/mradi.git
    sudo find objects -type f -empty -delete
    sudo -u git git fsck --full

fsck itataja vinavyokosekana. Tafuteni aliyepushi wa mwisho kabla ya umeme kukatika, kwa sababu kompyuta yake inavyo vyote. Kila kitu ndani ya objects kinaitwa kwa namba inayotokana na yaliyomo, hivyo kunakili kutoka kwake hakuwezi kuchanganya kitu na kingine. Akiwa ndani ya folda ya mradi wake:

    rsync -a --ignore-existing .git/objects/ msimamizi@seva:/tmp/vitu/

Kwenye seva nakilini kutoka /tmp/vitu/ kwenda objects/ kwa amri hiyo hiyo mkiwa na sudo, endesheni `sudo chown -R git:git .`, na mrudie fsck. "Dangling", yaani kitu kisichotajwa na kingine chochote, haina madhara. "Missing" ikibaki, nendeni kwa mwenzake. Kama ni tawi lenyewe lililoharibika, faili yake ndani ya refs/heads itakuwa tupu: ifuteni, kisha aliye na tawi hilo alipushi upya.

Halafu, ikiwa Git ya seva ni 2.36 au zaidi, wekeni `sudo git config --system core.fsync committed`. Push zitachelewa kidogo, na kwenye diski ya kuzunguka mtaisikia. UPS ndogo inayoishikilia seva dakika kumi inatosha, mradi iunganishwe na waya wa USB na programu ya kuizima seva kwa utaratibu; isiyo na waya huo inaahirisha tu ajali.

Na kwenye mashine nyingine, ambayo haiko kwenye soketi ile ile, kloni mara moja kwa `git clone --mirror git@seva:/srv/git/mradi.git`, kisha kwenye crontab, ratiba ya kazi zinazojiendesha:

    30 22 * * * cd /hifadhi/mradi.git && git remote update

Hiyo ni kioo: mtu akiharibu tawi kwenye seva, usiku kioo nacho kitafuata. Kwa hiyo kila Ijumaa tengenezeni na bundle yenye tarehe kwenye jina lake, na mara moja kwa mwezi mmoja wenu aikloni hiyo bundle kwenye folda tupu aone kama inafunguka.